Pikipiki ya Maziwa Iliyonyamazishwa

Tulimzika Gaspard siku ya mvua nyembamba, ile mvua ya Gisenyi ambayo hainyeshi bali inaning'inia tu kati ya mlima na ziwa, na baada ya mazishi tukakaa chini ya turubai nyumbani kwake tukinywa chai. Kijana mmoja wa chama cha waendesha pikipiki alisimama akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti iliyozoea hadhara, na alipofika katikati akasema kwamba zamani, baada ya vita, serikali ilitaka kumfungia Gaspard njia kwa sababu ya kelele za pikipiki yake, hadi mtaalamu mmoja kutoka Ulaya alipokuja na mitambo akamwokoa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliweka kikombe chini. Nimetumikia ofisi za umma hadi kustaafu, na sijapata kumkatiza mtu msibani. Siku ile pia sikumkatiza. Lakini hakukuwa na mtaalamu wa Ulaya. Kulikuwa na kifaa ndani ya sanduku la mbao, na kifaa hicho nilikuwa nacho mimi. Na serikali ambayo kijana yule aliitaja kwa wepesi namna ile haikuwa wingu lililotanda juu yetu. Ilikuwa watu wawili katika ofisi yenye dirisha moja, nami nilikuwa mmoja wao. Nayaandika haya kwa sababu marehemu hawezi tena kusahihisha wasifu wake.

Mwaka wa mambo hayo ulikuwa mmoja wa miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Nilikuwa mtumishi kijana katika ofisi ya mji iliyoshughulikia usafi na barabara, na nilipanga chumba Mbugangari kwa Mama Aziza, Mwislamu mjane aliyeuza vitenge pande zote mbili za mpaka. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kiti, na dirisha lililotazama ukuta wa mawe meusi. Juu ya ukuta, asubuhi zisizo na ukungu, ilionekana volkano ya upande wa Kongo ikifuka taratibu, na vumbi lake jepesi nilifuta kila siku kwenye kizingiti cha dirisha. Nikifumba macho leo, kwanza kinanijia chumba hicho, kisha harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wakikaangwa uani, kisha sauti ya Mama Aziza na dada yake aliyeolewa na Mprotestanti wa Goma. Dada huyo alivuka mpaka pale Petite Barrière karibu kila siku akiwa na kapu kichwani, na walizungumza upande wa pili wa ukuta wangu kama watu waliopumzika ndani ya mazungumzo: bei ya mafuta ya mawese, nani amezaa, mchungaji gani amegombana na mkewe. Nilikuwa nimekulia Tanzania, na Kiswahili changu kiliwachekesha. "Muache atuombe chumvi," dada mtu alisema siku moja, akidhani sisikii, "utazani anasoma habari kwa radio."

Chumba cha mbele alikaa Gaspard. Alizaliwa Masisi, upande wa Kongo, akarudi nchini na jamaa waliorudi na ng'ombe wao wakapata malisho upande wa Gishwati, kule juu kwenye ukungu. Wao walikamua, yeye aliteremsha maziwa mjini. Kazi hiyo aliifanya kwa pikipiki ya porini, ndefu ya miguu, yenye tairi za meno makubwa, ambayo kwanza ilikuwa ya mradi fulani wa misitu uliokwisha kuondoka. Barabara za kule zilikuwa tope na mawe, na pikipiki nyingine yoyote ingekaa chini ikalia. Hii ilipanda. Lakini ekzosi yake ilikuwa imeoza kwa tope na maji, tumbo lake tupu, na iliposhuka mlimani sauti yake ilitangulia mbele kama gari moshi. Uani kwetu mazungumzo yalisimama hadi aizime.

"Weye Gaspard," Mama Aziza alimwambia, akiiita pikipiki moto kama watu wote wa pale, "ile moto yako inafanya kuku zangu zinataga mbele ya wakati!"

"Bon, mama, si faida iko yako?"

"Faida gani? Mayai inatoka na woga ndani!"

Gaspard alicheka akamimina maziwa kwenye sufuria ya chai, na mimi nilipewa kikombe cha kwanza, kwa kuwa nilikuwa mtu wa ofisi. Chai ile ilikuwa nzito, ina moshi wa kuni na utamu wa majani ya mlimani. Nimekunywa chai katika kumbi za mikutano zenye mazulia, na hakuna iliyofanana nayo.

Sasa niseme jambo lilivyoanza. Barabara kuu ya kushukia mjini ilipita kando ya jengo la wazazi la hospitali, na wauguzi walilalamika, kwa haki, kwamba watoto wachanga walishtuka na mama zao waliotoka kujifungua hawakupata usingizi. Mji ukatoa agizo: pikipiki yoyote itakayozidi kiwango cha kelele haitaruhusiwa kuingia mjini kuanzia mwanzo wa mvua. Wakati huohuo kilitufikia kipimasauti, kifaa cha ukubwa wa kiganja chenye mshale na sikio la sponji, pamoja na kijitabu cha maelezo. Mkuu wangu wa ofisi, mtu mkavu wa maneno aliyerudi kutoka Uganda, alilifungua sanduku, akalifunga, akalisukuma upande wangu wa meza. "Wewe unapenda kusoma," alisema. "Kaa nacho."

Nilisoma. Sikio la kifaa liwekwe nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa mshazari, si mkabala nao. Injini ishikiliwe katikati ya nguvu zake. Pasiwe na ukuta karibu. Na kabla ya yote hayo, kijitabu kilisema, upimwe ukimya wa mahali penyewe. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi. Tulitoka katika miaka ambayo ukimya haukuwa kitu cha kupimwa, ulikuwa kitu cha kuogopwa, na sasa nilitakiwa nisimame mahali, nishike kifaa mbele yangu, nisubiri mshale utulie. Kwanza nilijaribu uani mwa ofisi, lakini kuta za matofali zilirudisha kila sauti maradufu. Nikahamia ufukweni, kwenye nyasi zilizo chini ya barabara ya hoteli, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Maji yalikuwa meupe, hayana mpaka na anga. Mtu alipita mbali amebeba ndizi. Mshale ulishuka, ukashuka tena, ukalala chini kabisa, na nakumbuka nilishusha pumzi kama niliyekuwa nikiibana tangu nilipofika mji huo. Siku nyingi za mwaka ule zimenitoka. Asubuhi zile hazijanitoka. Nyakati nyingine, katika usingizi, bado nimesimama pale na mshale unaendelea kushuka.

Wenye pikipiki walikuja mmoja mmoja wakiniita Bwana Kelele. Waliofaulu niliwapaka alama ya rangi nyeupe kwenye madigadi ya nyuma, na alama hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa ya kuingia mjini. Gaspard alipowasha yake, mshale ulikimbia hadi mwisho wa uso wa kifaa ukabaki umejibana pale, ukitetemeka.

"Imepita?" aliuliza.

"Imepita kiwango, Gaspard. Haikufaulu."

Akaizima. Ziwa likarudi. "Chef," alisema polepole, "kama mi siingii mjini, ile maziwa itaenda wapi? Kule juu iko jamaa yangu yote. Hawana kazi ingine." Nilimwambia mvua bado, twende kwa fundi.

Fundi alikuwa Déo, Mkongomani aliyevuka kila asubuhi kutoka Goma akiwa na mkoba wa spana, mtu wa maneno mengi na hakika nyingi, baadhi yazo sahihi. Karakana yake ilikuwa chini ya paa la mabati Mbugangari, na nilikula pale maharage na muhogo mara nyingi kuliko kwa Mama Aziza mwezi ule. Déo alitangaza kwamba ekzosi ni tumbo, na tumbo tupu ndilo linalolia. Tukaikata, tukaijaza nyuzi kavu za mgomba zilizosokotwa. Pikipiki ilinong'ona kwa muda mfupi, kisha ikatoa moshi mweupe, kisha moto, na Gaspard akaiendesha hadi kwenye mfereji ikiwaka nyuma, watu wakishangilia. Kisha Déo alileta vipande vya mawe mepesi ya lava, yenye matundu kama mkate, akaapa kwamba mawe yaliyozaliwa na moto hayawezi kuungua. Hayakuungua. Lakini yalicheza ndani ya bomba kama mahindi kwenye debe, na mshale wangu ulionyesha kelele mbili mahali pa moja.

"Donc, Bwana Mupimaji, na wewe lete akili," Déo aliniambia kwa hasira. "Kazi yako ni kukunja uso na kuangalia ile saa yako?"

Nilikuwa nimesoma ukurasa wa mwisho wa kijitabu, uliokuwa na mchoro, na nikamwonyesha: bomba lenye matundu madogo kupita katikati, na kuzunguka bomba hilo kitu chenye nyuzi kisichoungua. Tulinunua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, Déo akatoboa bomba, akalizungushia nyuzi hizo akalibana vizuri, na mdomoni akaweka kipande chembamba cha kupunguza tundu la kutokea moshi. Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa yake peke yake, na ilikuwa sahihi. Naiandika kwa jina lake. Ufukweni, mshale uliinuka, ukasita, ukabaki chini ya kiwango. Nilimpaka Gaspard alama nyeupe kwa mkono wangu. Mchana huo Mama Aziza alipika wali na sambaza wa nyanya, akampigia Gaspard vigelegele kana kwamba ameoa.

Hapo ndipo wasifu ule wa msibani ulipokoma, na hapo ndipo ulipokosea zaidi, kwa sababu hapo hakukuwa mwisho. Baada ya siku chache Gaspard alianza kurudi na madumu nusu, kisha matupu. Tulikunywa chai kavu, bila maziwa. Kupitia ukutani nilimsikia Mama Aziza akimwambia dada yake, "Labda ngombe ziko na ugonjwa," na dada akajibu, "Ngombe? Aka! Ni watu banamukimbia. Alifanya nini kule juu?" Nilipomuuliza Gaspard alisema tu, "Kesho panda, uone wewe mwenyewe."

Nilipanda nyuma yake. Safari ile nimeiota tangu hapo. Pikipiki ilipanda kwa sauti ya mtu anayekoroma chumba cha pili. Nilisikia ndege, nilisikia maji mtaroni, nilisikia majani ya mikaratusi yakidondosha umande, na moyoni nilijivuna kwamba utulivu ule wote ulikuwa kazi yangu. Ukungu ulifunga, ukafunguka juu ya malisho ya kijani kibichi, ukafunga tena. Mahali ambapo akina mama walizoea kusubiri na maziwa hapakuwa na mtu. Tukaendelea. Kwenye kona, mama mmoja alitokea mbele yetu na dumu kichwani; alituona sisi na pikipiki kwa mara moja, bila onyo lolote, akatupa dumu akajitosa vichakani. Maziwa yalitambaa kwenye udongo mweusi hadi kwenye tairi. Gaspard alizima injini akaita jina lake, na baada ya muda uso ulichomoza katikati ya majani.

"Ni weye Gaspard? Mungu yangu! Nilizani ni bale."

"Wale nani, mama?" niliuliza. Kabla sijafunga mdomo nilikuwa nimeelewa. Miaka ile, kule juu, walikuwepo watu wenye silaha waliotoka misituni bila kutanguliwa na sauti yoyote.

Alitoka akifuta magoti. Alipojua mimi ni nani aliniangalia kwa adabu, lakini hakupunguza neno. "Monsieur, sisi tunangoya sauti. Moto ya Gaspard ikilia kule chini kwa daraja, tunajua ni yeye, si mutu mwingine. Tunakamua, tunashuka. Mbele ya ile, mutu hatoki mu nyumba. Sasa ailii. Tukamue saa ngapi? Maziwa inaganda, tunapea ndama."

"Na akipiga honi?"

Gaspard ndiye aliyejibu. "Honi ni ya malori ya basoda, ya jeshi, Chef. Nani atashuka na maziwa juu ya honi? Na hii yangu honi yake iko kama mbuzi mugonjwa." Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Kama moto inalia, mji unanifunga. Kama ailii, mulima unanifunga. Niambie, mi nipite wapi?"

Tuliteremka. Juu kidogo ya mji, kwenye kona ya kijito, Gaspard alisimama kuosha tope, kama walivyofanya wote waliotoka milimani, maana mji haukupenda vyombo vichafu. Nilikaa juu ya jiwe nikamtazama. Kabla ya kumwaga maji alichukua kitambaa akakisokomeza kwenye mdomo wa ekzosi ili maji yasiingie. Alipomaliza akakichomoa, akakikamua, akakitia mfukoni. Alifanya hivyo kila siku, bila kuangalia, kama mtu anavyofunga kishikizo.

"Fanya tena," nilisema.

"Nini?"

"Kitambaa. Weka, halafu toa."

Alidhani nimeugua kwa baridi ya mlimani. Lakini Déo alielewa kabla sijamaliza kueleza, na jioni hiyo nzima aliapa kwamba yeye ndiye aliyewaza jambo hilo kwanza tangu siku ya nyuzi za mgomba. Alichomoa bomba lenye matundu pamoja na nyuzi zake, akavifanya kizibo kimoja kinachoingia na kutoka mdomoni mwa ekzosi, kikishikwa na bolti moja. Akishuka, Gaspard angekitia pale kijitoni, aingie mjini ananong'ona. Akipanda, angekichomoa palepale, apande analia hadi Gishwati.

Mkuu wangu hakufurahi. Alinisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo namshukuru, kisha akasema, "Kwa hiyo tunapima kitu kimoja, kinatembea kitu kingine. Wewe, mpenda vitabu, unaniletea ujanja?"

"Agizo linahusu mji, Mkuu. Ndani ya mji kitatembea kile nilichopima."

"Na asubuhi akisahau? Na wengine wakitaka vizibo vyao? Mimi nitawaambia nini wale wauguzi?" Akaagiza alama nyeupe ikwanguliwe siku hiyohiyo. Niliikwangua mwenyewe, kwa kisu cha jikoni cha Mama Aziza, Gaspard akishikilia madigadi isitetemeke. Hatukutazamana. Kisha nilirudi ofisini, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikakataa kuondoka mbele ya meza ya mkubwa wangu. Nilimwomba jambo moja: asubuhi inayofuata asimame na mimi kwenye jengo la wazazi Gaspard anapopita kwenda juu, asikie kwa masikio yake, kisha aamue, nami sitalisema tena.

Alikuja. Asubuhi ilikuwa ya kijivu, tulivu, ziwa halionekani. Tulisimama kwenye baraza, na muuguzi mmoja mnene mwenye mtoto mchanga begani alitoka kutuuliza tunafanya nini pale kama walinzi. Mkuu alianza kumweleza habari ya agizo, naye akaanza kumweleza habari ya bomba la maji lililovunjika chumba cha nyuma, maadamu watu wa ofisi wamefika wenyewe. Barabarani walipita wauza mboga, watoto wa shule, baiskeli iliyobeba mkaa, akina mama wenye makapu wakienda mpakani. Mkuu alitazama saa yake.

"Rafiki yako amechelewa," alisema. "Au amejua hatafaulu, akabaki kitandani."

Nilikuwa nimemwona Gaspard katikati ya makapu yale, mgongo wake umenyooka, madumu matupu ubavuni, akipita hatua chache nyuma ya bega la mkuu wangu wakati bomba la maji likizungumzwa. Mtoto begani mwa muuguzi hakufungua jicho. Ningeweza kusema, lakini niliona si haki yangu kumsikilizia mwingine. Tuliendelea kungoja. Mkuu alianza kukunja uso, muuguzi akaketi kwenye ngazi, barabara ikapungua watu.

Kisha, mbali, juu ya mji, kwenye kona ya kijito, pikipiki ililia. Ilifunguka mara moja, nzito na pana, ikazunguka bega la mlima, ikapotea kidogo kwenye mikaratusi, ikatoka tena upande wa pili, ndogo zaidi, bado inapanda. Mkuu aligeuza kichwa kuelekea mlimani. Akaitazama barabara tupu mbele yetu. Akautazama tena mlima.

"Amepita hapa?"

"Amepita, Mkuu."

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa ukiongea," muuguzi alijibu badala yangu. "Huyu wa maziwa si alikupita nyuma hapo? Mimi nilimupungia mukono."

Mkuu alibaki amesimama, kichwa kikiwa kimeinama upande kidogo, akisikiliza, na nadhani mimi na muuguzi pia tulisahau kazi zetu, kwa sababu hakuna aliyetoka pale hadi sauti ile ilipokuwa nyembamba kama uzi. Huko juu, akina mama walikuwa wakivuta viti vyao vya kukamulia. Sauti ilipokwisha kabisa, mkuu wangu alikunjua mikono akaanza kushuka ngazi, na bila kunitazama akasema, "Akirudi, mrudishie rangi yake."